Kiu ya Sigara: Historia ya Kuielewa na Kuitibu

Ugumu wa kuacha tumbaku uliandikwa mapema, karibu mara tu Wazungu walipoijua tumbaku yenyewe. Padri Bartolomé de las Casas, aliyeishi katika kisiwa cha Hispaniola mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza katika historia yake ya nchi zile kwamba aliwafahamu Wahispania walioiga kwa wenyeji kuvuta majani yaliyosokotwa. Walipokaripiwa kwamba hiyo ni tabia mbaya, walimjibu kuwa kuacha hakumo tena katika uwezo wao. Zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, mwaka 1623, mwanafalsafa Francis Bacon wa Uingereza aliandika kwamba tumbaku humpa mtu raha ya siri, na kwamba aliyeizoea huiacha kwa taabu. Hakuna kati yao aliyejua lolote kuhusu nikotini. Walichofanya ni kuwasikiliza wavutaji na kuamini walichoambiwa, jambo ambalo utabibu ulichukua zaidi ya miaka 300 kulifikia.

Katika muda huo wote, anayeshindwa kuacha alihesabiwa kuwa mkaidi au dhaifu. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alichapisha kijitabu cha kuilaani tumbaku mwaka 1604 na kuipandishia ushuru. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya alikwenda mbali zaidi: mwaka 1633 aliipiga marufuku Istanbul, na adhabu ilikuwa kifo. Watu waliendelea kuvuta kwa kificho. Marufuku ile haikudumu, na katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo tumbaku ilikuwa imerudi kuwa biashara halali yenye kutozwa kodi. Kama hofu ya kukatwa kichwa haikutosha kumfanya mtu aache, ingefaa watu wajiulize mapema zaidi kinachomshika ni nini.

Jibu la kwanza lilipatikana Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1828, pale Wilhelm Posselt na Ludwig Reimann walipoitenga nikotini kutoka katika majani ya tumbaku. Waliitambua kuwa sumu kali, na kwa miongo mingi iliendelea kujulikana hivyo tu, hata ikatumika kuua wadudu mashambani. John Langley wa Cambridge aliitumia tangu mwaka 1889 kuchunguza mishipa ya fahamu, na mwaka 1905 akapendekeza kwamba chembe za mwili zina sehemu maalumu za kuipokea. Wazo hilo la vipokezi ndilo msingi wa famasia ya leo. Hata hivyo, hakuna aliyeliunganisha na mtu anayeamka usiku kutafuta kibiriti.

Wakati wanasayansi wakichunguza sumu hiyo maabarani, watumiaji walikuwa na ujuzi wao. Afrika Mashariki wazee waliosaga ugoro waliuchanganya na magadi, na katika pwani tumbaku iliyowekwa ndani ya tambuu ilitafunwa pamoja na chokaa. Magadi na chokaa vyote ni alkali, na nikotini iliyo katika mazingira ya alkali hupenya kwa urahisi kwenye ngozi laini ya kinywa na pua. Ikiwa katika asidi, haipenyi. Ujuzi huo haukuandikwa vitabuni, lakini ulikuwa sahihi, na baadaye maabara moja ya Sweden ililazimika kuufikia kwa njia yake yenyewe.

Tofauti hiyo kati ya asidi na alkali ndiyo inayoeleza kwa nini sigara ilileta tatizo lililozidi yote yaliyotangulia. Moshi wa kiko na wa biri nzito una alkali ya kutosha kumpa mvutaji nikotini kupitia mdomoni, tena ni mkali kiasi kwamba wengi hawawezi kuuingiza mapafuni. Tumbaku ya sigara iliyokaushwa kwa joto la mabomba hutoa moshi wenye asidi kidogo, mwepisi kooni. Moshi huo mdomoni hautoi kitu cha maana, hivyo mvutaji huuvuta hadi ndani ya kifua. Huko nikotini huingia katika damu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Hakuna ugoro wala tambuu inayofika kwa kasi hiyo, na kadiri dawa inavyofika haraka ndivyo ubongo unavyojifunza upesi kuitaka tena. Mashine ya kutengeneza sigara iliyobuniwa na James Bonsack wa Virginia, na kupewa hataza mwaka 1881, ilifanya kazi ya mikono ya makumi ya watu. Sigara ikawa rahisi, ikasambaa duniani.

Biashara ya kuwatibu wavutaji ilizaliwa karibu wakati huohuo. Katika miaka ya 1890 magazeti ya Marekani yalijaa matangazo ya vidonge kama No-To-Bac, vilivyoahidi kuondoa hamu ya tumbaku kwa siku chache. Wengine waliuza maji ya kusukutua yenye chumvi za fedha, ambayo hufanya moshi uwe na ladha ya kutapisha. Yenye msingi kidogo ilikuwa lobelini, kemikali inayotokana na mmea wa lobelia, iliyoanza kujaribiwa na madaktari katika miaka ya 1930 kwa sababu inagusa mwili kwa namna inayofanana na nikotini. Iliuzwa kwa miongo kadhaa. Majaribio ya uangalifu hayakuonyesha kwamba inamsaidia mtu kuacha kabisa, na Marekani ikaiondoa sokoni mwaka 1993.

Jaribio lililostahili kubadilisha kila kitu lilifanywa na daktari mmoja wa Scotland, Lennox Johnston, aliyekuwa mvutaji aliyeacha. Aliamini kwamba watu hawavuti kwa ajili ya moshi, wala kwa kuwa na kitu cha kushika mkononi, bali kwa ajili ya nikotini. Ili kuthibitisha, alijichoma sindano za nikotini yeye mwenyewe na kuwachoma watu wengine waliojitolea, kama 35. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1942. Wavutaji karibu wote waliipenda sindano, na baada ya kuchomwa hawakuhitaji sigara kwa muda. Asiyevuta aliichukia. Johnston mwenyewe, baada ya sindano kama 80, alifikia kupendelea sindano kuliko sigara, na alipoziacha alihisi upungufu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba uvutaji wa sigara ni njia ya kujipa dawa ya kulevya.

Hakusikilizwa. Uingereza ilikuwa vitani, sigara zilikuwa sehemu ya posho ya askari, na madaktari wenyewe walikuwa wakivuta kwenye vyumba vya kutibia. Kwa Johnston, kutosikilizwa huko kulikuwa maumivu ya maisha. Kwa wavutaji ilikuwa hasara kubwa zaidi, maana karibu miaka 30 ilipita kabla ya mtu mwingine kuishika kazi hiyo kwa uzito.

Kilichobadilika kwanza kilikuwa ni elimu ya madhara. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha London utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Doll aliacha kuvuta kabla hata kazi hiyo haijakamilika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa ripoti yake mwaka 1962, na tarehe 11 Januari 1964 Luther Terry, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, akatoa ya kwake. Sasa mamilioni ya watu walikuwa na sababu ya kuacha. Njia ya kuacha hawakuwa nayo.

Ripoti ya Terry ilitamka wazi kuhusu saratani, lakini kuhusu kiu ya sigara iliteleza. Ilifuata mgawanyo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1957, uliotenganisha uraibu na mazoea, na ikaiweka sigara katika mazoea. Uraibu ulichukuliwa kuwa ni wa afyuni na mfano wake, vitu vinavyomlewesha mtu na kumharibia mwenendo. Mvutaji huenda kazini, hulea watoto, haibi, basi hakuhesabiwa kuwa mraibu. Kosa hilo liliwagharimu watu wengi, kwa sababu aliyeambiwa kuwa ana mazoea tu, akashindwa kuyaacha, alijilaumu yeye. Makampuni yalijua vizuri zaidi. Mwaka 1963, miezi michache kabla ya ripoti hiyo, Addison Yeaman, mwanasheria mkuu wa kampuni ya Brown & Williamson, alikuwa ameandika katika waraka wa ndani kwamba nikotini ina uraibu na kwamba biashara yao ni kuuza nikotini. Waraka huo ulibaki kabatini hadi miaka ya 1990.

Kwa kukosa dawa, msaada wa kwanza wenye mpango ulitoka kanisani. Karibu na mwaka 1960 daktari Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg, Waadventista Wasabato wa Marekani, walianzisha Mpango wa Siku Tano wa Kuacha Sigara. Kanisa lao, ambalo Waswahili wanalijua kwa waumini wasiovuta wala kunywa kuanzia Upareni hadi Mara na Kisii, lilikuwa na hospitali nyingi duniani, na mpango ulisambaa kupitia hizo. Washiriki walikutana jioni tano mfululizo. Waliambiwa wanywe maji kwa wingi, waepuke kahawa na vyakula vya viungo vikali, watoke kutembea mara baada ya kula badala ya kukaa pale walipozoea kuwasha sigara, wavute pumzi ndefu kiu inapokuja, na kila mmoja awe na mwenzake wa kumpigia simu akizidiwa. Mengi ya hayo yamethibitika kuwa na maana. Siku tano zilichaguliwa kwa busara pia, kwani dalili za kukosa nikotini, yaani hasira za haraka, kukosa utulivu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa na kushindwa kumakinika, hufikia kilele katika siku hizo za mwanzo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba dalili hizo huendelea kwa wiki mbili hadi nne, na wengi waliomaliza siku tano bila sigara walikuwa wameirudia kabla ya mwezi kwisha.

Hatua kubwa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Desemba 1967 Claes Lundgren, daktari wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, alimwandikia barua rafiki yake Ove Fernö, mkemia aliyeongoza utafiti katika kampuni ndogo ya dawa iitwayo Leo, mjini Helsingborg. Lundgren na mwenzake Stefan Lichtneckert walikuwa wakichunguza afya za mabaharia wa nyambizi na marubani. Ndani ya nyambizi sigara haziruhusiwi, hewa ni haba. Walichokiona ni kwamba mabaharia waliovuta walikaa chini ya bahari kwa siku nyingi bila taabu kubwa, mradi walikuwa na tumbaku ya kuweka mdomoni. Waliporudi nchi kavu waliiacha ile ya mdomoni na kurudia sigara. Lundgren aliuliza kama mtu anaweza kupewa nikotini kwa njia ya mdomo bila tumbaku yenyewe.

Fernö, ambaye naye alikuwa mvutaji aliyetaka kuacha, alifikiria kwanza dawa ya kupuliza, kisha akaamua kutengeneza chingamu. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Nikotini iliyochanganywa moja kwa moja katika chingamu hutoka yote katika dakika za mwanzo, humchoma mtu koo na kumtia kichefuchefu. Aliifunga kwenye resini inayoishikilia na kuiachia kidogo kidogo kadiri mtu anavyotafuna. Kisha kukatokea tatizo la pili: mate yana asidi kiasi, na nikotini ilimezwa badala ya kupenya shavuni. Ikimezwa, sehemu kubwa huharibiwa na ini kabla ya kufika kwenye ubongo. Suluhisho likawa kuongeza alkali, jamii ileile ya magadi, ili kinywa kiweze kuipokea.

Matumizi yake yanaonyesha vizuri dawa hiyo ni ya namna gani. Chingamu hii haitafunwi mfululizo. Mtu huitafuna taratibu mara chache hadi aisikie ladha ya pilipili au mwasho kwenye ulimi, kisha huiegesha kati ya shavu na ufizi na kutulia. Mwasho ukiisha, huitafuna tena kidogo na kuihamishia upande wa pili, na hivyo hivyo kwa muda wa nusu saa. Dakika 15 kabla ya kuitumia, na wakati ikiwa mdomoni, haifai kunywa kahawa, soda wala maji ya matunda, kwa sababu asidi yake huzima kazi ya alkali. Anayeitafuna kwa pupa kama peremende hupata kwikwi na kiungulia, na kiu haitulii. Wengi waliosema chingamu haifanyi kazi hawakuwahi kuelezwa hayo.

Mamlaka ya dawa ya Sweden iliikataa mwanzoni kwa hoja kwamba uvutaji si ugonjwa, hivyo kinachoutibu hakiwezi kuwa dawa. Uswisi ndiyo iliyotangulia kuiidhinisha, mwaka 1978, kwa jina la Nicorette. Uingereza ilifuata 1980 na Marekani Januari 1984. Kanuni yake, ya kumpa mtu kitu kilekile anachokitamani, au cha jamii yake, kwa njia isiyo na madhara makubwa na kwa kipimo kinachodhibitiwa, ndiyo iliyo nyuma ya methadoni ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waathirika wa heroini mwaka 2011.

Aliyeipa kanuni hiyo nguvu ya kisayansi ni Michael Russell, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Maudsley, London. Tangu miaka ya 1970 alisisitiza kwamba nikotini ndiyo inayomfunga mtu lakini lami na gesi za moshi ndizo zinazomuua, hivyo mbili hizo zinaweza kutenganishwa. Utafiti wake wa mwaka 1979 ulikuwa wa kawaida kuuangalia, lakini haujapitwa na wakati. Madaktari 28 wa London waligawa wagonjwa 2,138 waliokuwa wakivuta katika makundi. Kundi moja liliambiwa na daktari, kwa dakika moja au mbili, kwamba waache, wakapewa kipeperushi na kutahadharishwa kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka, asilimia 5.1 ya kundi hilo walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 0.3 ya wale ambao hawakuambiwa kitu. Tano katika mia ni wachache. Lakini Russell alipiga hesabu ya madaktari wote wa nchi, wakifanya hivyo kwa kila mgonjwa, na idadi ikawa kubwa kuliko ambayo kliniki maalumu zingeweza kuifikia.

Mwaka 1988 C. Everett Koop, mmoja wa waliomfuata Terry katika wadhifa wake, alitoa ripoti iliyorekebisha kosa la 1964 na kutamka kwamba nikotini inasababisha uraibu sawa na heroini na kokeini. Makampuni hayakukubali. Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa makampuni ya sigara ya Marekani walikula kiapo mbele ya kamati ya bunge na, mmoja baada ya mwingine, kusema kwamba hawaamini nikotini ina uraibu. Nyaraka za ndani zilizovuja muda mfupi baadaye, ule wa Yeaman ukiwemo, ziliwaumbua.

Hata hivyo nikotini peke yake haikueleza kila kitu. Wapo walioacha miaka mingi, mwili umeshasafika, na bado harufu ya kahawa au ugomvi wa nyumbani uliwaamshia kiu. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alilichunguza hilo na mwaka 1985, pamoja na Judith Gordon, akachapisha kitabu kuhusu kuzuia watu wasirudie uraibu. Alionyesha kwamba kiu huja, hupanda hadi kileleni, kisha hushuka yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache, hata kama mtu hakuvuta. Aliwafundisha watu wasipambane nayo bali waitazame ikipita, kama anayeelea juu ya wimbi hadi lifike ufukweni. Alieleza pia kwamba aliyeteleza akavuta sigara moja mara nyingi huangushwa na majuto yanayofuata, anapojiambia kwamba ameshashindwa, basi amalizie pakiti.

Nguvu ya mazingira ilionekana wazi zaidi mwaka 2010, Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alipowapima wahudumu wa ndege waliokuwa wavutaji. Katika safari fupi za kwenda Ulaya, na katika safari ndefu ya kwenda Marekani, kiu ilipanda ndege ilipokaribia kutua. Mwisho wa safari fupi kiu ilikuwa kubwa kuliko saa ileile katikati ya safari ndefu, ingawa muda uliopita bila nikotini ulikuwa sawa. Wavutaji wanaofunga Ramadhani huko Mombasa, Lamu na Unguja wanalijua jambo hili bila vipimo: magharibi inapokaribia ndipo sigara inapowajia akilini. Kufunga kwao kila mwaka kunathibitisha kwamba kiu hupanda na kushuka kwa matarajio pia, na kwamba saa 13 au 14 bila sigara zinawezekana.

Mwaka 2007 Nasir Naqvi na Antoine Bechara walikuwa wameonyesha kwamba kiu ina makao ndani ya ubongo. Waliwachunguza wavutaji 69 waliopata majeraha ya ubongo, hasa kutokana na kiharusi. Kati yao 19 walijeruhiwa katika sehemu iitwayo insula, inayohisi hali ya ndani ya mwili, na wengi wa hao waliacha sigara ghafla, bila taabu, bila hamu kurudi. Mmoja alieleza kwamba mwili wake ulisahau tu.

Huku nyuma, dawa nyingine zilikuwa zimeifuata chingamu. Plasta ya nikotini, iliyobuniwa na Murray Jarvik na Jed Rose huko California kwa kujijaribia wenyewe, ilifika sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bupropioni, dawa ya sonona iliyoonekana kupunguza kiu, iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 1997, na varenikilini mwaka 2006. Hii ya mwisho ilitengenezwa kwa kuiga sitisini, kemikali ya mbegu za mti wa laburnum, ambayo Bulgaria ilikuwa ikiiuza kwa bei ndogo kwa jina la Tabex tangu 1964. Nchi za Magharibi hazikuijali hadi majaribio ya Poland mwaka 2011 na New Zealand mwaka 2014 yalipothibitisha kwamba inafanya kazi, na katika jaribio la New Zealand iliishinda plasta na chingamu. Kuchelewa huko hakukuwa na sababu ya kitabibu. Dawa ya zamani isiyo na hataza haina wa kuipigania.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia sheria zaidi kuliko tiba. Tanzania ilipitisha sheria yake ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015, zikiweka mipaka ya matangazo, ya mahali pa kuvutia na ya kuwauzia watoto. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za nikotini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na bupropioni na varenikilini mwaka 2021. Mwongozo wake wa kwanza kuhusu tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima ulitoka Julai 2024. Unapendekeza dawa zote nne, sitisini ikiwemo, na unataka kila mhudumu wa afya, katika zahanati yoyote, ampe kila mtumiaji wa tumbaku ushauri mfupi wa nusu dakika hadi dakika tatu kila anapofika kutibiwa.